POMBE YA JIONI NA USINGIZI WA USIKU

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa alasiri ya Jumamosi mbele ya makarani, mafundi wa karakana na jamaa zao. Tumeyapiga chapa kama yalivyosomwa.)



Nimealikwa kuzungumza juu ya pombe, na naona baadhi ya nyuso zilizo mbele yangu zimekwisha kukunjamana, kama nyuso za watu waliokwisha kuisikia hotuba hii mara nyingi kanisani na katika baraza la chifu. Nawaomba msihofu. Sikuja kumshitaki mlevi. Habari za mtu aangukaye mtaroni zajulikana na kila mtu, na wa kumwonya hawakosekani. Leo nataka kusema juu ya mtu mwingine kabisa, mtu wa heshima, alipaye karo ya watoto wake, asiyechelewa kazini, wala hajapata kuonekana akiyumba njiani. Mtu huyu hunywa chupa mbili au tatu kila jioni kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba asipokunywa hapati usingizi.

Watu wa namna hii ni wengi kuliko tunavyodhani, na kwa kuwa hawafanyi fujo, hakuna awashughulikiaye.

Kazi yangu ni kufasiri maandishi, na katika kufasiri karatasi za madaktari juu ya jambo hili nilikutana na taabu ya maneno. Si kwamba Kiswahili ni maskini. Lugha yetu ina hazina kubwa ya maneno ya usingizi: kuna kusinzia, kuna kugubikwa, kuna lepe la usingizi, kuna mang'amung'amu ya mtu ambaye hajaamka wala hajalala, na kuna usingizi wa pono, ambao wavuvi wa pwani waliutaja kwa jina la samaki yule alalaye fofofo usiku miambani. Lakini hali ya mtu aliyelala kwa nguvu ya pombe, madaktari hawaihesabu kuwa usingizi kamili. Huilinganisha na hali ya mtu aliyepewa dawa ya kumtuliza. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndani yake ndimo lilimo jambo lenyewe.

USIKU UNA MAPITO YAKE

Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walitangaza kwamba kuna nyakati za usiku ambapo macho ya mtu aliyelala hutembea upesi upesi chini ya kope zake, naye akiamshwa wakati huo aghalabu husema kwamba alikuwa akiota. Tangu siku hizo imejulikana kwamba usingizi si kitu kimoja, kama giza moja lililotandazwa toka magharibi hadi alfajiri. Mtu hushuka katika usingizi mzito, kisha hupanda katika usingizi wa ndoto, kisha hushuka tena, na duru moja huchukua kadiri ya dakika tisini. Mwanzoni mwa usiku usingizi mzito ndio mwingi. Karibu na alfajiri ndoto huzidi. Mwili na akili vyahitaji yote mawili.

Basi tuitazame pombe ikiingia katika mpango huo. Ni lazima tukiri kwanza kwamba anayesema pombe humlaza hasemi uongo. Humlaza kweli, tena upesi, na katika saa za kwanza usingizi wake huwa mzito. Ndiyo sababu hadithi za kumwambia kwamba anajidanganya hazimwingii. Ameona kwa macho yake, au niseme kwa kufumba macho yake.

Lakini usingizi wa ndoto husukumwa nyuma katika saa hizo. Na pombe haikai mwilini milele. Ini huiondoa kwa mwendo wake, polepole, wala haiharakishwi kwa maji baridi, wala kwa kahawa, wala kwa supu ya mbuzi. Hapa naomba mnivumilie tufanye hesabu kidogo, maana mara nyingi hesabu humshawishi mtu mzima kuliko mahubiri.

Chupa ya kawaida ya bia ina mililita 500. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 4.2, basi ndani yake mna mililita 21 za kileo safi, ambazo uzito wake ni gramu 16 na nusu hivi. Ini la mtu wa kadiri humaliza kama gramu 7 hadi 10 kwa saa moja. Kwa hiyo chupa moja huchukua kama saa mbili. Mtu akianza chupa ya kwanza saa moja ya usiku, akamaliza ya tatu saa nne na kwenda kulala, ini lake litakuwa kazini kwa jumla ya kadiri ya saa sita, na pombe itakwisha mwilini saa saba au saa nane za usiku.

Mabwana, si ndiyo saa ile ile mnayofumbua macho na kuanza kuhesabu mabati?

Hilo ndilo jambo ambalo mnywaji wa jioni halijui. Ubongo uliokuwa ukikandamizwa huwa umejikaza kupingana na kile kinachoukandamiza. Kinapoondoka, hufyatuka kama mti uliopindwa kisha ukaachiliwa. Moyo hudunda, jasho hutoka, na ndoto zilizocheleweshwa hurudi kwa fujo, na mtu husema amekabwa na jinamizi. Tena pombe huzuia kile kitu mwilini kinachoyaamrisha mafigo kubana maji, kwa hiyo kibofu nacho humwamsha. Akirudi kitandani hapati tena hata lepe. Kulipokucha amechoka, na jioni yake anasema moyoni: "Jana sikulala vizuri, leo niongeze moja." Kwa njia hiyo dawa huzaa ugonjwa, na ugonjwa huidai dawa. Zaidi ya hayo, mwili huzoea. Chupa mbili zilizomlaza mwaka juzi leo hazimlazi.

Kwa madereva nina neno fupi. Mtu aliyekunywa chupa tano tangu saa mbili ya usiku, kwa hesabu ile ile, yafika saa kumi na mbili asubuhi ndipo pombe inapomtoka. Akishika usukani alfajiri kuelekea Mtito Andei, yeye asema amelala na pombe imekwisha. Abiria wake hawajui.

JIRANI NA MKEWE

Nina jirani, fundi wa mitambo, mtu mzima mwenye miaka arobaini na kitu, ambaye ameniruhusu nieleze habari zake ikiwa sitamtaja jina. Alikuwa mtu wa chupa tatu kila jioni, nyumbani kwake, kwa amani. Mkewe hakumgombeza. Mama huyo alichukua kalenda ya ukutani, ile inayotolewa na maduka mwisho wa mwaka, akaanza kutia alama ya kalamu kila usiku ambao mumewe aliamka na kukaa macho. Baada ya mwezi akaileta mezani na kumwuliza: "Baba watoto, ikiwa hii ni dawa ya usingizi, mbona mgonjwa haponi?"

Mimi nimesoma karatasi nyingi za wataalamu juu ya jambo hili, wala sijaona swali lililoulizwa kwa uzuri kuliko hilo.

Fundi alitaka kuacha siku ile ile, kwa hasira ya kuona haya. Mkewe akamshauri aende kwanza kwa daktari, na shauri hilo lilikuwa jema, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Daktari alimwona hana dalili za hatari, wakapatana apunguze kwa mpango. Kwanza hawakugusa idadi ya chupa, ila saa tu: chupa ya mwisho imalizike kabla ya saa mbili ya usiku, badala ya kuingia nayo kitandani. Baada ya wiki moja akashuka kutoka tatu hadi mbili. Kisha moja. Kisha zikaingia jioni zisizo na pombe kabisa, kwanza mbili katika wiki, halafu nne.

Wala nisiwafiche, majuma ya kwanza yalikuwa mabaya. Mwisho wa juma la tatu alikuwa akilala saa saba, saa nane. Aliota ndoto nyingi na kali, akimwona marehemu baba yake kila usiku, hata akadhani kuna jambo la ukoo linalodai kutengenezwa. Siwezi kuyaingilia mambo ya ukoo wa mtu, lakini madaktari wajua kwamba usingizi wa ndoto uliozuiwa kwa muda mrefu hurudi kwa wingi pombe inapopunguzwa. Ni dalili kwamba deni linalipwa. Watu wengi hushindwa hapa hapa, kwa kuwa huona usiku wa sita bila pombe ni mbaya kuliko usiku wa mwisho wenye pombe, wakakata shauri kwamba wao wameumbwa hivyo. Yafaa mtu aambiwe mapema: huenda usingizi ukaharibika zaidi kabla ya kutengenea, na kwa aliyekunywa sana kwa miaka mingi, kurudi kwake huchukua wiki nyingi, pengine miezi.

Fundi alistahimili, na alama katika kalenda zikaanza kuwa chache. Siku hizi hunywa chupa moja Jumamosi alasiri akitazama mpira, na mara chache mbili. Bado kuna usiku anaoamka. Akiulizwa kama amepona hucheka. Lakini chupa tatu kila jioni ni chupa tisini kwa mwezi, na kila mmoja wenu ajua bei ya chupa katika mtaa wake. Sina haja ya kuzidisha.

Jambo moja lilibaki. Mkewe alikuwa ameona kwamba mumewe akikoroma, pumzi hukatika kabisa kwa muda, kisha humrudia kwa kishindo. Pombe hulegeza misuli ya koo na kuizidisha hali hiyo, na ilipopunguzwa mkoromo ulipungua, lakini haukwisha. Alirudi hospitali kwa ajili hiyo, na bado anatibiwa. Mabibi mlio hapa, hilo ni jambo ambalo mume hawezi kulijua mwenyewe, maana amelala. Mkilisikia, msilifanyie mzaha.

KWA NINI JIONI?

Zamani, katika makabila yetu mengi, pombe haikuwa kinywaji cha kila jioni. Muratina ya Wakikuyu ilikuwa ya wazee na ya shughuli maalumu, mahari au mapatano. Busaa ilinywewa kwa mirija katika chungu kimoja, watu wakiizunguka, na nafaka yake ilihesabiwa. Na tembo la mnazi kule pwani hugemwa na kubadilika siku ile ile, asubuhi tamu na baadaye kali, wala halikai. Sisemi kwamba hapakuwa na walevi. Walikuwapo. Lakini chupa ikaayo katika friji mwaka mzima, ikimngoja mtu mmoja peke yake saa tatu ya usiku, ni jambo geni kwetu.

Kazi ya mshahara ndiyo iliyoisukuma pombe mpaka jioni, na sheria nayo ikafuata. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo watu waliizoea kwa jina la Bwana John Mututho aliyeipeleka Bungeni, ilipanga kwamba mabaa yafunguliwe kuanzia saa kumi na moja ya jioni hadi saa tano ya usiku siku za kazi. Nia yake ilikuwa njema, watu wasilewe asubuhi badala ya kufanya kazi, nami naiunga mkono. Ila kwa usingizi saa hizo ndizo mbaya kuliko zote. Kwa hiyo sheria haitamlinda mtu katika jambo hili. Sharti ajipangie saa zake mwenyewe.

Niliposoma katika shule ya misheni, tulifundishwa kwamba Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo, na hadi leo wapo wazee wa kanisa wanaolitaja shauri hilo kila jioni. Nawakumbusha kwa heshima kwamba Paulo alitaja tumbo, usingizi hakuutaja. Na kwa upande wa afya, Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama. Anayepunguza asidhani daktari amembariki katika chupa ile iliyobaki.

CHA KUFANYA BADALA YAKE

Kosa la kwanza la anayepunguza pombe ni kuijaza nafasi yake kwa chai ya majani mengi au kahawa. Baada ya saa tano hivi, nusu ya nguvu ya kahawa bado imo mwilini. Mzee wa Mombasa anayekunywa kahawa chungu barazani saa tatu ya usiku na kulala vizuri ni mzee wa bahati, tusimwige. Chai ya mwisho na iwe ya alasiri. Usiku, maziwa ya moto, uji mwepesi, au maji ya tangawizi yatatosha; nguvu yake si kubwa, lakini mkono uliozoea kushika kitu hupata cha kushika. Sitasema zaidi juu ya vinywaji.

Lililo kubwa ni saa ya kuamka. Mtu aamke saa ile ile kila siku, hata Jumapili, hata kama alilala vibaya, wala asilipe kwa kulala mchana. Akikaa kitandani kama dakika ishirini bila usingizi, asilale akipigana nao. Aondoke, akae mahali penye mwanga hafifu, asome au ashone, na arudi pale macho yanapolemewa. Kitanda kiwe cha kulala, si mahali pa kuhesabu madeni wala kutazama simu. Hayo yaonekana kama maneno ya bibi kwa wajukuu, lakini mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani kiitwacho American College of Physicians kilishauri kwamba mafunzo ya namna hii, yanayorekebisha mazoea na mawazo ya mtu juu ya usingizi, ndiyo yatangulizwe kwa watu wazima wenye tatizo la kukosa usingizi la muda mrefu, kabla ya vidonge.

Na kwa kuwa nimetaja vidonge: asiwepo mtu wa kumeza kidonge cha usingizi juu ya pombe. Vyote viwili hupunguza nguvu ya kupumua, na watu wamekufa kitandani kwa kuvichanganya.

Mtashangaa kwamba katika hesabu zangu sikuitaja chang'aa. Sikuitaja kwa kuwa haihesabiki. Hakuna ajuaye nguvu ya kile kilichomo katika glasi, na pengine mna methanoli, ambayo mwilini hugeuka kuwa sumu inayoua mshipa wa jicho na kumwua mtu mwenyewe. Novemba mwaka 2000 watu zaidi ya mia moja walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Vifo vingi vikatokea tena katika kaunti kadhaa Mei 2014. Anayetafuta usingizi humo haina maana kumweleza habari za saa na dakika, aiache.

Sasa niitimize ahadi yangu ya kueleza kwa nini fundi alipelekwa kwanza kwa daktari. Mtu aliyekunywa kidogo aweza kupunguza mwenyewe nyumbani. Lakini yuko mwingine ambaye amekunywa kwa wingi kila siku kwa miaka, ambaye asubuhi mikono yake hutetemeka mpaka apate funda moja. Huyo asiache kwa ghafula peke yake, hata kama mchungaji au mke amemwapisha. Katika siku ya kwanza na ya pili baada ya funda la mwisho aweza kushikwa na kifafa, na baadaye kuchanganyikiwa akili, akaona wadudu na watu wasiokuwapo, na hali hiyo yaweza kumwua. Hospitali zina dawa za kumvusha salama. Wenzake nyumbani wakiona kutetemeka, jasho, kutapika na maneno yasiyo na mpango, wasiseme ni mashetani wala ni adhabu, wamchukue upesi. Na mtu anayetaka shauri bila kuonekana mlangoni mwa hospitali aweza kupiga simu 1192, ambayo ni ya bure, ya mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, yaani NACADA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Bwana Mwenyekiti amenionyesha saa mara ya pili. Kalenda chache za ukutani nimeziweka juu ya meza ile karibu na mlango, pamoja na kalamu, kwa mabibi watakaozitaka, na hata kwa mabwana wasio na wa kuwahesabia. Wenye maswali wasiyoweza kuuliza mbele ya watu wanione nje. Nimeambiwa pia kwamba chai iko tayari. Ni chai ya saa kumi, kikombe kimoja mwaweza kunywa.